Injini mpya, maji yanapungua: ukaze, utie dawa au ufungue tena?

Siku ya tatu baada ya kuichukua Toyota IST yangu gereji Tabata, niliamka nikakuta kidimbwi cha rangi ya waridi chini ya boneti. Injini ilikuwa imefumuliwa yote na kufungwa upya: ringi za pistoni, beringi, sili za vali, gasketi zote (vizibo vya kati ya vipande vya injini). Ilikuwa bado inatoa ile harufu ya oili ya mikono ya fundi ikiungulia kwenye ekzosi. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa na ushauri wa watu watatu. Fundi kwenye simu: "Bosi, hiyo kawaida, injini inajikalisha. Lete tukaze." Muuza spea wa mtaa wa Gerezani niliyempitia: "Kaka, chukua dawa hii, mimina, tembea, umesahau." Shemeji yangu, dereva wa masafa marefu: "Shem, fungua hedi. Wote hao wanakupotezea muda."

Kila mmoja alikuwa na haki yake, maana kila mmoja alikuwa anajibu swali tofauti. Kukaza ni jibu la maji yanayotoka nje. Kufungua hedi, kile kipande kikubwa cha juu cha injini chenye vali, ni jibu la maji yanayopotelea ndani. Dawa ya kuziba, inayomiminwa kwenye rejeta, ni jibu la mtu aliyekwama Chalinze saa nne usiku. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije kushangaa mbele: kwenye injini iliyofungwa wiki hii dawa siitii, na sababu yangu kubwa wala si ya kiufundi. Nitaifikia.

Kwanza, maji yanakwenda wapi?

Joto la Februari likipamba moto, AC haizimwi, na AC hudondosha maji chini ya gari, mara nyingi upande wa abiria. Maji hayo ni safi, hayana rangi wala utelezi. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ina rangi, inateleza ukiisugua kati ya vidole, na ikikauka huacha ukoko. Usiionje. Ina utamu, na utamu huo ndio unaomvuta mbwa, mbuzi wa jirani na mtoto anayetambaa. Etilini glaikoli iliyomo ni sumu kali. Kidimbwi kimwagie maji mengi, ukisugue.

Kitu kingine kinachodanganya ni hewa. Injini iliyofunguliwa hujazwa ikiwa tupu kabisa, na hewa hujificha kwenye hedi na kwenye mirija ya hita. Siku mbili tatu za kwanza hewa hiyo inatoka kidogo kidogo, maji yanashuka kuziba nafasi yake, na mwenye gari anaapa kwamba linavuja ilhali hakuna tone lililomwagika. Fundi makini hupandisha pua ya gari, hufungulia hita hadi mwisho, huacha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi mpaka themostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto, ifunguke (kwa Toyota nyingi ni kati ya nyuzi 80 na 84), mapovu yakaisha, ndipo hufunga. Wengi wetu hita hatujaigusa tangu gari lishuke bandarini. Siku hiyo iguse.

Maji yakiendelea kushuka baada ya hapo, pima presha. Mfuniko wa rejeta ya Toyota una namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha ambayo mfumo unatakiwa kuihimili, na bila presha hiyo maji yangechemka mapema. Injini ikiwa baridi, fundi hufunga pampu ya mkono yenye mshale mahali pa mfuniko, hupandisha hadi namba ile bila kuizidisha, kisha mnasubiri dakika 15. Mshale ukishuka na tone likaonekana, mmelikamata. Mshale ukishuka na hamuoni tone popote, wasiwasi uhamie ndani. Pampu hiyo si kifaa cha ajabu, lakini gereji nyingi za uchochoroni hazina, kwa hiyo uliza kabla ya kupeleka gari. Kufungua mfuniko wa moto "ili tuone" hakupimi kitu, kunaunguza uso tu.

Dalili za ndani zina sura yake: mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikishapata moto, plagi moja safi kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, na kweli imeoshwa, na stiki ya oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutoe roho. Unyevunyevu wa Dar na safari fupi za Sinza hadi Mwenge vinatosha kuuleta. Iamini stiki kuliko mfuniko.

Kuna pia maji ya buluu ya kupimia. Yanawekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, hewa ya rejeta inapitishwa humo, na kama gesi ya mwako wa petroli inapenya kuingia kwenye maji, buluu inageuka njano. Ukiona njano, mjadala wa kukaza na dawa umeisha. Ruka moja kwa moja hadi kwenye kufungua.

Kukaza: rahisi, na mara nyingi inatosha, ila si kila boliti

Injini ikitoka kufumuliwa, kila kilichoguswa ni mshukiwa. Klipu za paipu za rejeta zilizorudishwa nusu nje ya alama yake ya zamani. Oringi (mpira wa mviringo wa kuziba) ya themostati iliyobanwa imejikunja. Pampu ya maji mpya iliyofungwa juu ya mabaki ya gasketi ya zamani. Sensa ya joto. Nati ya kumwagia maji kwenye bloku, kiwiliwili cha injini. Vile vifuniko vya bati vya mviringo vilivyogongewa ubavuni mwa bloku, hasa kama bloku ilipelekwa kuoshwa na kemikali. Haya yote unayaona kwa macho na tochi, yanarekebishwa bila kugusa hedi, na gharama yake ni oringi, klipu na nusu siku ya fundi.

Mtu anayesahaulika hapa ni rejeta kuukuu. Injini iliyochoka, yenye mfuniko uliolegea na maji ya bomba, ilikuwa haijengi presha kamili. Sasa umeweka mfuniko mpya na kila kitu kimebana, na ile rejeta yenye vichwa vya plastiki, yenye umri sawa na gari, inapata presha ambayo haijaionja kwa miaka. Ufa unatokea kwenye plastiki, pale inapobanwa na bati. Lawama anabebeshwa fundi wa injini, masikini, wakati yeye kafanya kazi nzuri kupita uwezo wa rejeta.

Ila "tukaze" ya fundi wangu ilikuwa na maana nyingine. Alitaka kukaza boliti za hedi. Kwenye injini za zamani za chuma, zenye gasketi laini, hilo lilikuwa jambo la kawaida: unatembeza gari, linapata moto, unarudi, boliti zinakazwa tena. Injini kama 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox haifungwi hivyo. Boliti zake hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa toki renchi, spana inayopima mkazo, hadi mkazo mdogo, halafu kwa kuzungushwa pembe maalumu, nyuzi 90 na tena 90, mpaka boliti yenyewe inavutika kidogo kama mpira. Kuiongezea robo raundi kwa kukisia hakuzibi kitu. Kunaivuta boliti kupita kiasi, na siku moja inakatika au inang'oa uzi wa bloku ya aluminiamu. Hapo ndipo uvujaji wa kikombe kimoja unapogeuka kuwa bloku ya kutupa.

Kwa hiyo fundi akisema akaze, muulize: akaze nini? Akitaja klipu, pampu au mfuniko wa themostati, mpe gari. Akitaja hedi, chukua ufunguo wako kwa heshima.

Dawa: inaziba kweli, na hapo ndipo shida ilipo

Wapo watakaokwambia dawa za kuziba ni utapeli mtupu. Si kweli, na hoja hiyo mbovu ndiyo inayowafanya watu wazinunue pindi wakimwona jirani aliyefanikiwa. General Motors wenyewe waliagiza vidonge vya kuziba kwenye maji ya injini za Cadillac Northstar. Subaru, huko Marekani, waliita magari yenye injini za lita 2.5 ya modeli za 1999 hadi 2002 ili yatiwe kiongezi chao cha maji, kwa sababu gasketi za hedi zilikuwa zinatokwa jasho kwa nje. Hata kabla ya chupa hizi, wapo madereva waliovunjia yai kwenye rejeta au kutia pilipili manga, na gari likafika.

Lakini tazama kilichokuwa kinazibwa. Jasho dogo, la nje, kwenye injini ambayo kiwanda kilikuwa kinaijua kila tundu, kwa kitu kilichochaguliwa na kiwanda hichohicho. Hilo ni tofauti na chupa isiyo na maelezo unayouziwa dirishani.

Dawa hizi ni za aina mbili kubwa. Moja ina chembe au nyuzinyuzi ambazo huvutwa na maji kuelekea kwenye ufa na kujazana hapo. Nyingine ni majimaji ya kioo, silikati ya sodiamu, ambayo hugandia kwenye joto kali pale maji yanapopenyea. Ya kwanza haichagui tundu. Inaona mrija mwembamba wa rejeta au wa hita, inaona ufa, vyote kwake ni nafasi za kukaa. Ya pili mara nyingi haitaki kuchanganyika na kulanti kabisa. Maelekezo yake ni kumwaga kulanti yote na kuosha mfumo kwanza, maana ikikutana na glaikoli huweza kuganda kama jeli ndani ya rejeta. Sasa wewe injini yako imejazwa kulanti mpya juzi. Nani Gerezani alikwambia uimwage?

Halafu inakuja ile sababu isiyo ya kiufundi. Wiki ya kwanza baada ya injini kufumuliwa, kitu cha thamani zaidi ulicho nacho ni ushahidi. Kama hedi haikusawazishwa, gasketi itaonyesha alama ya mahali moto ulipopenya. Kama boliti haikukazwa, itaonekana. Fundi ataona kwa macho yake, na mazungumzo ya nani alipe yatakuwa mafupi. Ukishamimina dawa, kila kitu kimepakwa utando wa kijivu au wa shaba, na fundi ana neno moja la kukumalizia: "Bosi, si uliweka dawa?" Na atakuwa sahihi.

Ningeitia lini? Gari kuukuu ninalotaka kulifikisha mnadani, sitii, hiyo ni dhambi. Kwenye safari, usiku, hakuna fundi, tone la nje ninaloliona kwenye rejeta, na maji ya chupa yameisha: ningetia, ningeendesha polepole huku mfuniko umefungwa vizuri, kisha rejeta hiyo ningeihesabu imekufa. Kwenye hedi, hapana.

Kufungua tena: ghali, inauma, na mara nyingi ndiyo nafuu

Hakuna anayependa kusikia hedi ishuke mara ya pili ndani ya mwezi. Lakini linganisha na mbadala wake. Maji yakiingia kwenye oili, glaikoli huharibu beringi zile mpya ulizozinunua kwa jasho. Maji yakijikusanya kwenye silinda usiku kucha, asubuhi unapiga stata, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, na fimbo ya pistoni inapinda. Kila siku unayoendesha "nikipata pesa nitaifungua" inaongeza bei. Kama stiki imeonyesha chai ya maziwa, gari lisiwake tena, livutwe.

Ukikubali kufungua, usikubali kurudia makosa yaleyale kwa gasketi mpya. Mambo matatu ndiyo yanayoamua, na simama hapohapo uyaone.

Uso wa hedi. Unawekwa rula ya chuma iliyonyooka, na fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, inapitishwa chini yake, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari. Kwa hedi za Toyota nyingi kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, wembamba unaokaribiana na wa unywele. Hedi iliyochemka kabla ya kufumuliwa, na nyingi zilifumuliwa kwa sababu hiyo, karibu kila mara inahitaji mashine ya kusawazisha. Msasa wa mkononi au diski ya grainda si mbadala. Unang'arisha uso na kuacha mabonde ambayo jicho halioni na maji yanayaona. Hedi ikiwa mashineni, omba ipimwe presha pia kuona kama haina ufa kati ya vali. Na uso wa bloku nao upimwe; watu wanapima hedi wanasahau kwamba gasketi ina pande mbili.

Gasketi. Dukani utaulizwa: orijino au ya kawaida? Swali lililo muhimu zaidi ni aina yake. Gasketi ya mchanganyiko wa kaboni ni laini, inasamehe uso wenye mikwaruzo midogo. Gasketi ya mabati yaliyopangwa tabaka, inayopatikana kwenye injini nyingi za aluminiamu za siku hizi, inadumu na kuhimili joto, ila inataka uso laini uliotoka mashineni. Ukiiweka juu ya hedi iliyopigwa msasa, umenunua uvujaji kwa bei ya juu. Na fundi akitaka kuipaka silikoni nyekundu "kwa usalama", mzuie. Silikoni ina mahali pake palipoandikwa kwenye kitabu cha injini, kama kona za kifuniko cha mnyororo. Juu ya gasketi ya hedi inazuia mabati kukaa, na vipande vyake vinamenyuka na kwenda kuziba njia za maji.

Boliti na matundu yake. Boliti zipimwe, zilizovutika kupita kipimo zibadilishwe. Matundu ya bloku yakaushwe kwa upepo. Hili wengi hawalijui: oili au maji yakibaki chini ya tundu, boliti inapokazwa inasukuma yale majimaji, toki renchi inalia kwamba tayari, kumbe hedi haijabanwa. Mbaya zaidi, presha hiyo inaweza kupasua bloku.

Na ile ya nne: tupa, weka injini ya mtumba

Watakushauri pia. Injini za 1NZ zilizotumika zinapatikana, na kwa bloku iliyopasuka ni uamuzi wa busara. Kwa uvujaji wa gasketi kwenye injini uliyoibadilishia beringi juzi, unabadilisha historia unayoijua kwa usiyoijua. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha una safari ya TRA, mamlaka ya mapato, pia. Mimi nilikataa bila kufikiri mara mbili.

Kwa mfuko na kwa muda

Ukizipanga kwa bei ya siku ya kwanza, dawa ni ya chini, kukaza kunafuata, kufungua kuko juu, injini nyingine juu zaidi. Ukizipanga kwa bei ya miezi 6, dawa inapanda ghafla, kwa sababu unalipia pia rejeta, hita na mara nyingi kufungua kulekule ulikokukimbia. Kwa muda, kukaza ni asubuhi moja. Kufungua ni siku tatu hadi tano kama foleni ya mashine si ndefu, na usikubali fundi aruke foleni hiyo kwa msasa. Kwa dhamana, ni kukaza na kufungua tu vinavyokuacha ukiwa na haki ya kumrudia fundi.

IST yangu ilikuwa na yote mawili. Kidimbwi cha asubuhi kilitoka kwenye klipu ya paipu ya chini, ilikazwa, kikaisha, fundi akacheka, "Si nilikwambia bosi?" Maji yakaendelea kupungua, kikombe kwa siku, bila tone. Nilitafuta gereji nyingine yenye pampu ya presha, mshale ukashuka. Maji ya buluu yakageuka njano mbele ya fundi wangu mwenyewe, maana nilimwomba tuongozane. Hedi iliposhuka, fila geji ya 0.10 ilipita chini ya rula katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Hakubisha. Hedi haikuwa imekwenda mashineni. Ilipigwa msasa kibarazani kwa sababu siku ile umeme ulikatika na mimi nilikuwa napiga simu kila saa kuuliza limekwisha. Sehemu yangu ya kosa ninayo.

Tuligawana: yeye kazi yake bure na gharama ya mashine, mimi gasketi, boliti na oili mpya. Oili tuliimwaga hata kabla haijabadilika rangi, na tukaimwaga tena baada ya kilomita 500.

Maji ya kujazia sikuchukua ya kisimani. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hula aluminiamu pole pole kuanzia ndani. Nilinunua kulanti ya waridi iliyochanganywa tayari, isiyohitaji kuongezwa maji. Ukinunua ile inayotakiwa kuchanganywa, tumia maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, na hapo angalia sana dukani: ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Soma chupa.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha naangalia kikopo cha akiba, injini ikiwa baridi. Nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye plastiki yake. Maji bado yako kwenye mstari.